Staa Anameza Vidonge, Sisi Tunauziwa Chupa

Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Leo ninayo ya chupa.

Wiki mbili zilizopita, saa nne usiku hivi, dada mmoja maarufu sana wa Dar aliingia laivu kwenye insta yake. Simtaji. Mnaomjua mmeshamjua, na ukimtaja kwenye maoni nafuta, sitaki kesi mie. Alikuwa chumbani kwake, kajifunga kanga, anaongea na mashabiki huku kashika ile chupa ya kijani yenye kifuniko cha dhahabu. Mnaifahamu, imezunguka sana mwaka huu. Akasema presha ilikuwa inamsumbua tangu alipojifungua, lakini toka aanze kunywa hii kitu ya asili, hospitali kaisahau. Mashabiki wakamwaga mioyo. Namba ya kuagizia ikapita chini ya skrini.

Sasa mdau mmoja mwenye macho ya mwewe akapiga picha ya skrini, akaikuza, akanitumia. Nyuma ya staa kuna meza ya kujipodolea. Juu ya meza, katikati ya manukato na wigi, kuna karatasi mbili za vidonge. Jina linasomeka nusu. Nikamrushia jamaa yangu anayeuza duka la dawa huku Sogea, akanijibu kwa sauti, anacheka: "Hiyo amlodipine bana, dawa ya presha. Mbona mama mkubwa wako anatumia hizo hizo."

Kweli, alikuwa anatumia.

Tuwe wa haki kidogo. Vidonge vile vinaweza kuwa vya mama yake, au vya dada wa kazi, au vya mgeni aliyelala pale. Mimi sikuwepo chumbani. Ningekuwa bado yule blogu wa mwaka juzi, ningeirusha hiyo picha usiku ule ule na kichwa cha habari kirefu kama treni ya TAZARA, nivune wasomaji wangu, nilale. Safari hii nilikaa nayo siku 14, kwa sababu kwenye hii stori na mimi nimo. Na ninavyojijua, ningemchoma staa kwa moto mkubwa ili moshi unifiche mwenyewe.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Ana kibanda cha mama ntilie karibu na foleni ya malori, wateja wake ni madereva wa Kongo, Zambia na wa kwetu humu humu, wanaokaa pale siku mbili tatu wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde. Wali maharage, ugali samaki, chapati asubuhi. Presha aligundulika nayo miaka kama sita iliyopita, na tangu hapo alikuwa anameza kidonge kimoja kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Simu anayotumia ni yangu ya zamani, niliyomwachia nilipopata nyingine. Nilimfungulia insta mwenyewe, na mtu wa kwanza kumfuata nilikuwa mimi. Alikuwa anajivunia sana. Madereva wanakula, yeye anawaonyesha: huyu ni mwanangu, ana wafuasi elfu kadhaa huyu.

Mwezi wa tatu mwaka jana wakala wa ile chupa alinifuata inboksi. Elfu 50 kwa posti moja, nikiweka na stori siku tatu. Nimemaliza kidato cha nne, sina ajira, bando nanunua mwenyewe. Elfu 50 kwa dakika tano za kazi? Sikuuliza hata swali moja. Nikabandika picha ya yule dada na chupa, nikaandika maneno waliyonitumia wao: asilimia 100 mimea, haina madhara, inaondoa presha, sukari, mafuta mwilini, inasafisha figo. Nikaongezea ya kwangu: "Wana Tunduma mzigo umefika." Hata sikuwa nimeuona huo mzigo.

Chupa moja ilikuwa elfu 45, dozi ni chupa tatu. Piga hesabu. Ni elfu 135, na sahani ya mama mkubwa ni 2,500. Aliuza sahani 54 za wali ili anunue kile kitu, tena hiyo ni bila kutoa mkaa wala mchele. Hakuniambia. Alitaka nije nishangae mwenyewe nikisikia presha imepona.

Na vidonge akaacha, maana kwenye tangazo tuliandika inaondoa presha. Kitu kikiondolewa, dawa yake unaendelea nayo ya nini? Mtu mzima mwenye akili zake akisoma vile anafika pale alipofika yeye. Sikubali mtu aje hapa aseme wagonjwa ni wajinga. Sentensi ndiyo iliyomdanganya, na sentensi niliibandika mimi.

Wiki ya saba, asubuhi, anageuza chapati, mwiko ukamponyoka. Akainama kuuokota, mkono ukakataa. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa anasubiri chai ndiye aliyeona mdomo umeenda upande, wakamkimbiza na bajaji. Walipompima ilisoma 210 kwa 120. Kiharusi. Nilipoenda nyumbani kumchukulia nguo nikakuta chini ya kitanda chupa tatu za kijani, mbili tupu, moja nusu. Na kwenye kopo lake la kuwekea dawa, vidonge vimejaa, karatasi hazijaguswa.

Daktari alikuwa kijana, labda kanizidi miaka mitatu. Hakunigombeza. Aliuliza tu nani kamwambia aache dawa. Nikamjibu sijui.

Hiyo "sijui" ndiyo inanifanya niandike leo.

Kabla hamjanirukia kwamba nimenunuliwa na wazungu au kwamba nadharau dawa za mababu zetu, ngoja. Miti ina dawa. Siongei kwa kubahatisha. Kwinini, iliyowapigisha wazazi wetu kengele masikioni kila wakiumwa malaria, imetoka kwenye magamba ya mti unaoitwa sinkona, asili yake Amerika Kusini. Wafaransa wawili ndio waliyoitenga kwenye magamba mwaka 1820. Na hii mseto tunayopewa leo bure kwenye zahanati ukikutwa na malaria, nusu yake imetoka kwenye mmea pia, unaitwa artemisia. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alifukua vitabu vya tiba vya zamani sana vya kwao akitafuta mmea wa kutibu homa. Alipochemsha ule mmea, dawa haikuonekana kufanya kazi ya kueleweka. Akarudi kwenye kitabu, akaona wazee wa zamani walikuwa wanaloweka kwenye maji na kukamua, hawachemshi. Akatafuta njia ya kuikamua bila moto mkali, ikakubali. Hiyo ni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 wakampa Nobel.

Ona hapo. Mmea ule ule, jani lile lile, ukichemsha vibaya unakunywa maji ya majani tu. Ukikamua vizuri unaokoa mamilioni ya watoto. Na mpaka leo Shirika la Afya Duniani halikubali mtu anywe chai ya artemisia badala ya mseto, kwa sababu kwenye kikombe dawa inakuwa ndogo, haitoshi kuua vijidudu vyote, na vinavyobaki vinajifunza kuizoea. Kumbe kazi kubwa ni kujua kiasi gani, kimekamuliwaje, mgonjwa ana nini kingine mwilini.

Hata hapa kwetu kuna watu wanaifanya hiyo kazi kwa heshima. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili tangu mwaka 1974, wanachukua mizizi na magamba wanapima. Hawana insta yenye milioni moja ya wafuasi. Hawana kifuniko cha dhahabu.

Turudi kwenye chupa. Lile neno walilonitumia niandike, "ekstrakti", mie nililipenda kwa sababu linasikika kisomi. Maana yake ni mmea uliokamuliwa, ukatolewa maji na makapi, kikabaki kile kikali. Sasa watu wanadhani kikali kikitoka kwenye jani basi ni kikali cha upole. Chukua chai ya kijani, hii ambayo wadada wa mazoezi mnaipenda. Kikombe kimoja viwili hakina neno. Lakini ikikamuliwa ikawekwa kwenye vidonge vya kupunguza uzito, ndani kuna kitu kinaitwa EGCG, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema ukimeza kuanzia miligramu 800 kwa siku za hicho kitu kutoka kwenye vidonge, kuna dalili za ini kuanza kuumia. Chai ni ile ile. Aliyekunywa vikombe viwili yuko salama, aliyemeza vidonge anaweza kuamka macho ya njano.

Na hapo bado tunaongelea chupa ambayo ndani yake kuna kile kilichoandikwa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kule Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na kliniki ya kupunguza unene. Kliniki halali, madaktari halali, wanawake wa mjini wenye hela zao. Wakapewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Kumbe mtishamba mmoja ulibadilishwa njiani, ukaingia mwingine wa jamii ya aristolokia ambao ni sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 figo zikaharibika, wengine wakaishia kwenye mashine na kupandikizwa, wengine miaka baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kama Ulaya, penye maabara kila kona, mizizi miwili ilichanganywa kwa bahati mbaya na hakuna aliyejua mpaka watu walipoanza kuanguka, hebu niambie nani anapima chupa inayojazwa chumba cha uani, ikasafirishwa kwenye buti la basi, ikashushwa Tunduma saa kumi alfajiri?

Wanaume nanyi msikae pembeni mnacheka. Hapa mpakani tunajuana. Mkuyati, vumbi la Kongo, kahawa za nguvu, vichupa vya shilingi 3,000 vinavyouzwa dirishani kwa madereva. Kila kimoja eti mizizi tupu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ina orodha ndefu ya bidhaa za namna hiyo walizozipima, zimeandikwa mimea tupu, ndani wakakuta sildenafil, yaani ile ile dawa ya Viagra iliyosagwa ikamwagiwa humo bila kukwambia. Ndiyo maana "mizizi" inafanya kazi ndani ya nusu saa! Na kama wewe ni mgonjwa wa moyo unatumia zile dawa za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, ukichanganya na hiyo kitu presha inaweza kushuka mpaka usiamke. Kwenye kichupa hakuna onyo, kwa sababu kwenye kichupa hakuna Viagra. Kuna picha ya simba.

Kuna jingine nililojifunza kwa yule jamaa wa duka la dawa, nikalifuatilia mwenyewe, na linachekesha kama si la kuogopesha. Balungi. Tunda la Mungu, halijakamuliwa na tapeli yeyote. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada walikuwa wanajaribu kujua pombe inafanyaje ikikutana na dawa moja ya presha. Ili wanaojaribiwa wasijue wamepewa pombe au la, wakaficha ladha kwa juisi ya balungi. Majibu yakaja ya ajabu, dawa imepanda mwilini kuliko kawaida, wote, wenye pombe na wasio na pombe. Wakatafuta mchawi wakakuta ni juisi. Balungi linazuia kile kinachoivunja dawa tumboni, kwa hiyo ni kama umemeza vidonge vingi badala ya kimoja. Siyo dawa zote, ila baadhi za presha, baadhi za mafuta kwenye damu, na nyingine. Sasa kama tunda linaloliwa kwa chumvi uani kwa bibi linaweza kufanya hivyo, usiniambie chupa yenye mimea 21 haina madhara. Kitu kisicho na madhara yoyote kwa mtu yeyote mara nyingi hakina kazi yoyote pia.

Lebo ya mama mkubwa ilikuwa na choya, kitunguu swaumu, mlonge, tangawizi na vingine. Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu choya siyo uongo kabisa. Imepimwa kwenye tafiti, chai yake inashusha presha kidogo kwa watu wengine. Kidogo. Inawezekana wiki za mwanzo alijisikia vizuri kweli. Presha haiumi, haiwashi, hailii. Inaweza kuwa 180 na wewe unauza chapati unacheka na madereva. Kwa hiyo "nilijisikia vizuri", ile sentensi ambayo kila staa anaisema kwenye laivu, kwa mgonjwa wa presha haina maana yoyote mpaka umefunga kile kitambaa mkononi ukaona namba.

Wakubwa mtasema hii siyo mpya, na ni kweli. Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi, na kitu pekee watu wazima walichoongelea kilikuwa Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, Babu, kijijini Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Ukimwi, sukari, presha, saratani, vyote kikombe kimoja. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita porini, wengine walifia humo humo kwenye foleni. Mawaziri walienda, matajiri walienda na helikopta, picha zao za kunywa kikombe zikatoka magazetini. Babu mwenyewe sina neno naye, amefariki Julai 2021, na 500 yake haikuwa bei ya tapeli. Ila mtaani kwetu kulikuwa na baba mmoja aliyekodi nafasi kwenye Noah akaenda mpaka huko, akarudi, akatupa dawa zake za kufubaza virusi chooni mbele za watu. Tulipiga makofi. Nilipiga makofi na mimi, mtoto wa darasa la tano. Krismasi hakuiona.

Aliona picha ya mkubwa anakunywa. Mkubwa alikunywa kikombe, akarudi mjini kwa daktari wake. Baba yule hakuona sehemu ya pili.

Halafu ikaja korona, mnaikumbuka wenyewe. Mei 2020 ndege ikaenda Madagaska kuchukua dawa ya maji ya artemisia, sisi huku nyungu kila nyumba, Februari 2021 waziri wa afya akatengeneza juisi ya tangawizi na vitunguu mbele ya kamera. Bei ya malimao hapa sokoni naikumbuka mpaka leo. Sina haja ya kurefusha.

Wadau wengi mtaniuliza sheria iko wapi. Ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga anatakiwa asajiliwe, dawa yake isajiliwe. Kwa hiyo kabla hujatuma hela muulize muuzaji namba ya usajili, kisha peleka hiyo namba kwa mganga mkuu wa wilaya au mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako wakuangalizie. Muuzaji akianza kuwa mkali au akikublock, basi umeokoa elfu 135. Mimi nilimuuliza yule wakala juzi, kwa mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima na kiharusi kimoja. Alisoma ujumbe. Zile tiki mbili zikageuka bluu. Kimya.

Siku mbili baadaye akarudi, eti kuna chupa mpya ya kusafisha mji wa mimba, safari hii elfu 150 kwa posti.

Siwezi kudanganya, nilikaa na huo ujumbe usiku mzima. Elfu 150 ni kodi yangu ya miezi mitatu. Na najua blogu nyingine mbili hapa mkoani zimeshaichukua, nimeziona asubuhi. Hao jamaa nawajua, siyo watu wabaya, wana njaa kama yangu. Ndiyo maana kelele zangu kubwa siwapigii wao, napiga kwa yule dada mwenye wafuasi milioni na gari mbili nje. Wewe dada huna njaa. Kama vidonge vile ni vyako, unajua kabisa kinachoishusha presha yako ni nini, na unajua mama wa Tunduma haoni meza yako. Na kama siyo vyako na kweli umeacha dawa ukategemea hiyo chupa, basi tafadhali, kwa upendo kabisa, kapime leo. Siyo kwa ajili ya kiki.

Yule mwigizaji wa kiume anayetangaza unga wa nguvu, na yule mrembo wa chai ya kupunguza tumbo, nanyi mnajijua. Ile chai mara nyingi kazi yake ni kukuharisha, dada zangu. Mmea wa sena upo kwenye nyingi ya zile chai, ni dawa halali ya kufungua choo kwa siku chache. Ukiinywa miezi, unachopunguza ni maji na chumvi za mwili, siyo mafuta, na chumvi zikishuka sana moyo unaanza kupiga ovyo. Tumbo linarudi Jumatatu.

Ile posti yangu ya mwaka jana nimeifuta. Nilitaka kuiacha ili iwe ushahidi dhidi yangu, nikaona kuna mtu ataikuta akiwa anatafuta namba ya kuagizia. Matangazo ya dawa hapa sichukui tena, iwe ya chupa, unga, chai, mafuta au kidonge. Kama ulinunua kupitia kwangu, inboksi iko wazi, niambie unaumwa nini na kama kuna dawa za hospitali uliacha. Mimi siyo daktari, nitakachokwambia ni kimoja tu, beba chupa na vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, nenda kavimwage mezani kwa daktari, mwambie ukweli unakunywa nini. Usifiche mtishamba ukiogopa kugombezwa. Wangu hakunigombeza, na bado nilimdanganya.

Mama mkubwa nilimwambia Jumapili iliyopita. Nilimwambia kwamba nililipwa elfu 50 na kwamba chupa yenyewe sikuwahi kuiona. Alikuwa anajifunza kukamata kijiko kwa mkono wa kulia, ule mgonjwa. Akanyamaza kama anatafuna. Nikamwonyesha na ile picha ya laivu, nikaikuza pale mezani, akaisogeza simu karibu na macho.

"Hizi ni zile zangu," akasema.

Baadaye kidogo akaniuliza kama ile elfu 50 niliinunulia nini. Niliinunulia raba na bando. Hakuongeza neno, akaendelea na kijiko.

Mazoezi yake ni Jumatatu na Alhamisi, nampeleka mwenyewe, kwa hiyo udaku wa wikiendi utakuwa unachelewa mpaka jioni. Kibanda anakiendesha binti yake sasa, chapati zipo kama kawaida, wali bado ni 2,500.